Mshono Kwenye Gando la Kushoto

12 Mei

Baraza limekaa asubuhi nzima, nimepiga kelele mpaka koo limekauka, na hakuna aliyenisikia. Kwa hiyo nimechukua daftari hili la shule ya Jumapili, ambalo lina kurasa nyingi tupu, na yale ambayo wanaume wa kijiji chetu cha Hatusina hawataki kuyasikia nitayaandika humu.

Jambo lenyewe ni hili. Amekuja mnunuzi kutoka Surabaya, Pak Wiryo, shati limepigwa pasi hata baada ya siku nne za boti. Anataka duvi, hawa kaa wetu wanaoishi ndani ya makome. Huko Java wanayapaka makome rangi na kuwauzia watoto nje ya milango ya shule. Mtoto anacheza naye siku tatu, ya nne kaa amekufa, mama ananunua mwingine. Nilimuuliza Pak Wiryo kama ni kweli. Akacheka: "Mama, watoto wanawapenda sana."

Bapa Raja, mkuu wetu wa kijiji, amekubali. Duvi wako chini ya sasi, katazo letu la mila, msimu wote wa mvua, tangu enzi za babu zetu, maana ndio wakati wanateremka baharini kumwaga mayai. Makuti machanga yameshafungwa kwenye nguzo za ufukweni na kila mtu anajua haruhusiwi kugusa kitu. Lakini Bapa Raja anasema kuna aina moja, Mshonaji, ambaye amejaa tele, huyo achukuliwe. Wengine wote warudishwe msituni wakiwa hai.

"Na nani atawatofautisha?" nikauliza.

"Usi Dorkas, kwani kuna mwingine?"

Hakuna mwingine. Kijiji kizima huniita Usi, dada mkubwa, hata wazee. Baba yangu alikuwa mkuu wa kewang, walinzi wa pwani na msitu, kwa miaka thelathini na mmoja, na mimi ni mwanamke wa kwanza kuingia katika kazi hiyo. Nimekubali, maana nikikataa watazoa wote. Lakini nimekubali kwa hasira, na nataka ijulikane hivyo.

15 Mei

Wakusanyaji ishirini na wawili wamekuja kwenye kibanda cha kukaushia nazi ili niwafundishe. Nusu walikuja kwa ajili ya chai.

Nimewaambia wasahau rangi. Rangi hudanganya. Mshonaji anaweza kuwa wa kahawia, wa kijivu, hata wa buluu, kutegemea anakula nini na lini alijivua gamba. Mtazame gando la kushoto, lile kubwa analozibia mlango. Juu yake, upande wa nje, kuna vijimistari vilivyopangwa kama mshono wa cherehani. Pitisha ukucha wa kidole gumba: ukisikia krrr, ni Mshonaji. Baba alinifundisha nikiwa nimefumba macho.

Wa pili ni Shanga. Naye ana mshono, kwa hiyo hapo msijione mmeshajua. Akikua anakuwa mwekundu mwenye vidoa vyeupe kama shanga, hata kipofu anamjua. Taabu ni mtoto wake: mweupe kama mchanga, na vidoa bado havijatoka vizuri. Huyo mlete kwangu.

Wa tatu ni Zambarau. Hukaa mbali na maji, ndani ya msitu. Gando lake ni kubwa, la mviringo, laini kabisa, ukucha unateleza.

Wa nne si duvi hata kidogo, lakini mtamwita duvi kwa sababu hamna macho. Ni mtoto wa kaa wa nazi. Wengi wenu mnamjua akiwa mkubwa kama mbwa mdogo, anapanda mnazi, hana kome. Lakini utotoni anabeba kome kama hawa wengine, mwaka mzima au miwili. Mtazameni kati ya macho: ana pua iliyochongoka kama mwiba, na macho yake ni mafupi, mekundu. Hao wakiisha leo, baada ya miaka kumi hakutakuwa na kaa wa nazi kisiwani. Serikali yenyewe imekataza kuwakamata.

Nus, aliyekaa nyuma akinuka sopi, pombe yetu kali, akauliza, "Usi, na sisi watu tunatambulikaje?"

Wote wakacheka. Nikamjibu, "Wewe kwa harufu."

Wakacheka zaidi, ila yeye hakucheka. Huyu Nus aliiba majongoo bahari wakati wa sasi tukiwa vijana, na baba ndiye aliyemkamata. Simwamini mpaka leo.

16 Mei

Mvua. Magunia manne. Ndoo mbili za kurudishwa.

Msituni wanakorudishwa ni mwendo wa saa moja kupanda, na goti langu halitaki. Mdogo wangu Melki amesema, "Usi, usijitese. Wewe kaa hapa uchague, mimi nitawapeleka." Nashukuru Mungu kwa Melki. Katika kijiji hiki ndiye mwanamume peke yake anayebeba kitu bila kuombwa.

20 Mei

Mvua. Magunia sita. Ndoo tatu, Melki amezipeleka.

24 Mei

Wakusanyaji hawana haya. Leo wamenichanganyia Zambarau chini ya gunia kana kwamba sitafika chini. Nimelimwaga gunia zima miguuni pao.

"Mama huyu mkali," akasema mmoja wao kwa sauti ya chini.

"Mkali alikuwa baba yangu," nikamwambia. "Mimi ni mpole."

Nao wanakumbuka. Mwaka mmoja mama alishikwa na homa akatamani dafu, na minazi ilikuwa chini ya sasi. Baba akaangua moja, moja tu. Asubuhi alijifunga lile dafu shingoni, akamwita mpiga mbiu apige bati mbele yake, akazunguka kijiji akitangaza kosa lake. Mwizi wa kawaida huzunguka mara moja akiwa amebeba alichokipata. Mlinzi huzunguka mara mbili. Nilikuwa na miaka tisa. Niliona aibu nikajificha uvunguni.

2 Juni

Pak Wiryo ameniletea zawadi: miwani. Anasema aliniona nikisogeza duvi mpaka puani. Nilitaka kumrudishia, nikaivaa kwanza. Mungu wangu! Nimeiona pua ya mtoto wa kaa wa nazi kwa urefu wa mkono. Miaka mingapi nimekuwa nikiishi kwenye ukungu?

"Mama hukosei hata mmoja," akasema. "Nimezunguka visiwa vingi, sijaona mtu anayetenga vizuri hivi."

Simpendi, lakini amesema kweli.

3 Juni

Magunia saba. Ndoo nne. Kwa miwani kazi inakwenda mara mbili.

11 Juni

Ndoo tano! Wakusanyaji wanazidi kuniletea wasiotakiwa, hasa watoto wa kaa wa nazi. Wanawatoa wapi? Nimewauliza, wanatazamana. Melki anasema ni mvua, inawafukuza kwenye mashimo yao. Inawezekana.

Nimechoka na hasira inanipa kiungulia. Nimekula papeda, uji wetu mzito wa sago, bila samaki.

19 Juni

Melki amenunua injini ya boti. Anasema zamu yake ya upatu imefika. Tumeiombea ufukweni, mimi mwenyewe ndiye niliyeongoza sala, mvua ikitunyeshea. Walau mtu mmoja mwema amepata kitu mwaka huu.

20 Juni

Mvua. Ndoo tano.

3 Julai

Nimemkamata Nus.

Saa kumi jioni nilikuwa natoka kwa muuguzi, goti limefungwa kitambaa, nikapita njia ya nyuma ya rasi. Nikamwona anatoka upande wa boti ya Pak Wiryo, amekumbatia ndoo, anatembea kama mtu anayebeba mayai. Nikamwita. Akasimama. Nikafunua. Ndani mlikuwa na watoto kumi na wanne wa kaa wa nazi na Shanga sita.

"Usi, subiri kidogo," akasema. "Nimewatoa kule kwenye boti. Nawarudisha."

"Wewe? Unawarudisha?"

"Sijanywa leo. Nusa." Na kweli akanipumulia usoni, mshenzi huyu. "Wako wengi kule, Usi, wamefichwa chini ya turubai. Nimeweza hawa tu. Muulize Melki."

Sijui mkono wangu ulifikaje kwake. Nakumbuka tu nimemshika ukosi wa shati. "Unamtaja ndugu yangu? Wewe? Mtu wa majongoo?"

"Muulize tu, Usi."

"Baba alipaswa kukufukuza kisiwani siku ile ile!"

Aliweka ndoo chini taratibu, akaisogeza kivulini ili kaa wasipigwe na jua, akaondoka.

Nimempelekea Melki ndoo awarudishe msituni.

4 Julai

Nus amezunguka kijiji. Tulimfunga makome shingoni, mpiga mbiu mbele, mimi nyuma na fimbo ya baba. Desturi inataka atangaze kosa lake kila njia panda. Hakutangaza. Alitembea mdomo umefungwa, kwa hiyo nikatangaza mimi: "Huyu ameiba walio chini ya sasi!" Watoto walimtupia matope na mimi sikuwakataza.

Melki hakuja kutazama. Anasema ana homa. Ana moyo laini.

5 Julai

Mvua. Ndoo nne. Melki amepona.

17 Julai

Mvua. Magunia tisa. Ndoo tano.

Nus hajagusa sopi tangu siku ile, ndivyo watu wanavyosema. Nimesema tutaona.

26 Julai

Mvua, goti, magunia. Miwani imepata mkwaruzo na nimemfokea paka.

9 Agosti

Upepo wa mashariki umepiga siku mbili bila kupumzika. Bati la kibanda limeruka. Boti ya Pak Wiryo iliondoka kabla ya dhoruba na haijarudi.

11 Agosti

Leo nitaandika yote, hata kama daftari litaisha.

Asubuhi upepo ulitulia na harufu ikaja. Kila mtu alisema ni nyangumi aliyekufa. Mimi ni mlinzi wa pwani, nikachukua fimbo nikaenda kutazama. Nyuma ya rasi, pale ambapo boti ya Pak Wiryo hutia nanga, mawimbi yalikuwa yamekula mchanga na kufukua shimo. Ndani ya shimo mlikuwa na duvi. Sijui idadi yao. Walijaa kutoka ukingo mpaka ukingo, wamekufa, wengine wametoka nusu kwenye makome, na juu yao vipande vya magunia yetu, yale yenye alama ya wino niliyoitia kwa mkono wangu mwenyewe.

Nikakaa chini kwenye mchanga. Nikavaa miwani. Nikamchukua mmoja, nikapitisha ukucha kwenye gando la kushoto. Krrr. Nikamchukua wa pili. Krrr. Nilifanya hivyo nadhani mara mia mbili, kutoka juu, kutoka chini, kutoka kila pembe ya shimo. Mshonaji. Mshonaji. Mshonaji. Hakukuwa na Shanga hata mmoja. Hakukuwa na Zambarau. Hakukuwa na pua ya mwiba hata moja.

Ndipo kichwa changu kigumu kilipofunguka. Pak Wiryo alikuwa akiwatupa wale alioruhusiwa kuwachukua. Tangu Mei. Anapakia magunia mbele ya macho yetu, anazunguka rasi, anayafukia. Basi boti yake ilikuwa ikibeba nini mpaka Surabaya?

Nikaenda msituni. Saa moja ya kupanda kwa mtu mwenye magoti, kwangu ilikuwa tatu, nyingine nimetambaa. Nikafika pale chini ya mikenari, ile miti mirefu ya kokwa, ambapo Melki amekuwa akiwaachia tangu tarehe kumi na sita Mei. Nusu ya duvi wa kisiwa walipaswa kuwa pale. Majani yalikuwa safi. Hakuna alama ya mguu wa kaa, hakuna kome, hakuna hata njia iliyokanyagwa na mtu. Hajawahi kufika huko hata siku moja.

Nililia kwa sauti. Si huzuni, ni hasira, hasira ya kutaka kung'oa mti.

12 Agosti

Melki alikuwa anaosha injini yake.

"Uliwapeleka wapi?" nikamuuliza.

Hakujifanya hajui, angalau hilo. "Usi, kaa kwanza. Goti lako..."

"Usilitaje goti langu!"

"Pak Wiryo alitaka hao tu," akasema. "Tangu mwanzo. Wale Washonaji wako kila kisiwa, nani atasafiri siku nne kuwafuata? Alitaka Shanga, Zambarau na watoto wa kaa wa nazi. Lakini hawezi kuwatambua, watu wake hawawezi. Wakikosea, kaa wanauana ndani ya ndoo. Alihitaji mtu wa kuwatenga."

"Na wewe ukampa dada yako."

"Bapa Raja ndiye aliyekupa kazi. Mimi nilibeba ndoo tu." Akafuta mikono kwa kitambaa. "Usi, ulipanga vizuri mno. Kila aina ndoo yake, wazima, wasafi. Sikuwahi hata kufungua mfuniko. Kazi yote uliifanya wewe."

Nilinyanyua fimbo ya baba. Sikumpiga. Najuta sikumpiga, halafu nashukuru, halafu najuta tena.

"Na Nus?" nikasema.

"Nus alituona mapema, Juni. Akawa anawaiba kwenye boti na kuwarudisha. Nilimwambia, kama anathubutu, akuambie mwenyewe. Akasema utamuua."

"Ukalala kitandani siku ile na homa yako ya uongo."

Akatazama injini.

Nimekwenda kwa Bapa Raja. Anasema karatasi alizotia sahihi zilisema Mshonaji tu, na mikono yake ni safi. Anasema jambo hili litatia aibu kijiji, tulimalize kifamilia. Nimemwambia familia yangu ndiyo iliyolianza, kwa hiyo nitalimaliza kifamilia kweli, na atasikia bati likipigwa chini ya dirisha lake.

14 Agosti

Mpiga mbiu alikataa. Alisema hawezi kumpigia bati Usi Dorkas, mikono haitaki. Tukasimama pale mbele ya kanisa, mimi na makome yangu shingoni, watu wamejaa, na hakuna anayejua la kufanya. Ndipo Nus akatoka nyuma ya umati, akamnyang'anya lile bati.

"Mara mbili, sivyo?" akaniuliza.

"Mara mbili."

Akaanza kupiga. Alipiga kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, na anayo haki.

Desturi inasema ubebe ulichokipata. Mimi nilipata miwani. Niliitundika pamoja na makome, na kila njia panda nilitangaza: "Mimi Dorkas, mlinzi wa pwani, nimewatenga walio chini ya sasi, mmoja mmoja, kwa mikono yangu, nikampa mwizi! Na nimemwadhibu mtu asiye na kosa, jina lake Nus!" Mara ya kwanza sauti ilitoka nusu. Kufikia njia panda ya tatu ilikuwa imetoka yote, na nilipofika chini ya dirisha la Bapa Raja nilitangaza mara tatu. Pazia lilitikisika. Bapa Raja hakutoka. Anayetia sahihi hatembei.

Watoto walikuwa na matope mikononi. Mmoja alinirushia, likanipata begani. Mama yake akamshika sikio. Nikamwambia amwache.

Mzunguko wa pili, mbele ya nyumba ya baba, ambayo sasa ni ya Melki, mlango ulifunguka. Akatoka na injini begani. Hakuna aliyemwita. Ilikuwa inavuja mafuta mgongoni mwake mpaka kwenye suruali. Akaingia nyuma yangu, na njia panda iliyofuata nikasikia sauti yake, ndogo, ikitaja kosa lake. Sikugeuka. Nus alipunguza mwendo ili mwenye injini aweze kufuata. Mimi nisingepunguza.

15 Agosti

Nimelala siku nzima. Mvua.

22 Agosti

Makuti ya sasi yamefungwa upya, kwa aina zote, bila kubagua, mvua au kiangazi, mpaka sisi walinzi tutakaposema. Bapa Raja ametia sahihi haraka sana, hata hakusoma.

Melki amekuja mara mbili mlangoni. Mara zote mbili nimefunga. Bado.

30 Agosti

Jua. La kwanza tangu sijui lini.

Nus amekuja asubuhi amefumba kiganja. Akafungua: kikome kilichovunjika ukingo, na ndani yake kitu kidogo kama ukucha, miguu imekunjwa. Amekiokota karibu na kisima.

"Usi, huyu nani?"

Miwani niliitupa baharini siku ile ile ya kutembea. Nikasogeza kiganja chake mpaka puani. Nikajaribu gando, ni dogo mno, ukucha haupati kitu. Kati ya macho niliona kitu, au nilitaka kuona.

"Sijui," nikasema. Katika maisha yangu yote sijawahi kumwambia mtu hivyo kuhusu kaa. "Wewe unaonaje?"

Alimtazama kwa muda mrefu. "Naona pua."

"Basi ni wa nazi. Wa juu, kwenye mikenari."

"Nitampeleka," akasema, akageuka kuondoka.

"Ngoja." Nikachukua fimbo. "Nakuja."

"Goti je?"

"Tembea polepole."

Alitembea polepole. Ilituchukua asubuhi yote, tulipumzika mara saba, na mara mbili alitaka kunishika mkono nikamkemea. Tulipofika chini ya mikenari niliinama mpaka chini kabisa, nikamwambia afungue kiganja pale, mbele ya macho yangu. Yule mdogo alikaa kimya kidogo, akatoa miguu, akaingia chini ya majani. Nilisubiri mpaka majani yalipoacha kutikisika.